Uzinduzi wa Mradi wa Kumwambia Baba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bibi Kokubanza, mama mzazi wa baba yangu na mlezi wa kibanja hiki cha Ihanda tangu enzi za kahawa kubebwa kichwani, uliyeketi mbele yetu kwenye jamvi ukiwa na kisu cha kumenyea ndizi. Mheshimiwa Beberu, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Kula Visivyopaswa Kuliwa. Waheshimiwa kuku wajumbe, mliofika hapa si kwa mwaliko bali kwa nia ya kuchakura kahawa iliyoanikwa kwenye turubai. Ndugu zangu migomba, wenye mikungu na mnaosubiri. Ndugu mibuni, wawakilishi wa mashina. Wanahabari, ambao hamkualikwa na mmeliheshimu hilo. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na ambaye hakutajwa ajihesabu ametajwa kwa moyo.

(Migomba inapiga makofi, upepo umetoka upande wa Kayanga. Bibi: "Umewasahau mchwa." Anacheka peke yake, kisu kinasimama.)

Ahsante, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mchwa watatambuliwa katika awamu ya pili. Kwa wale ambao hawanifahamu, na kwa taarifa nilizonazo ni wengi kwa sababu huwa napita njia ya nyuma, mimi naitwa Mackrine Cleophace Rwegasira, mwanafunzi wa kidato cha tatu, umri miaka kumi na sita na ushee, na alasiri hii ya Jumamosi nimesimama mbele yenu na mwiko huu kama kipaza sauti nikiwa na kofia tatu kwa mpigo, yaani kofia ya Mratibu Mkuu, kofia ya Msemaji, na kofia ya Mnufaika Pekee wa Mradi wa Kumwambia Baba, kwa kifupi MRAKUBA, jina lililopitishwa na kikao halali kwa kura moja dhidi ya sifuri.

(Makofi hafifu. Kuku mmoja anakanyaga kahawa. Bibi: "Swaa, we!" Kuku anajiondoa kikaoni.)

Waheshimiwa, kabla sijaingia kwenye kiini cha mada, naomba niweke jambo moja sawasawa kwenye kumbukumbu za mkutano. Sauti hii mnayoisikia si yangu. Nimeiazima kwa wale wakubwa wanaokuja kuhutubia mikutano ya maji na ya mbegu, wale ambao mimi na Bibi huwaigiza kila Jumamosi tukimenya ndizi, naye hucheka mpaka jicho moja linafumba, na nimeiazima kwa sababu za kiufundi, kwamba sauti yangu mwenyewe ikishafika kooni hugeuka ikarudi, kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa akasema basi nitapita siku nyingine. Mimi ndiye yule anayejibu "nzuri" kabla hajaulizwa habari za wapi, ili mazungumzo yaishe mapema. Mimi ndiye niliyepata asilimia tisini na mbili, wa kwanza kidato kizima, kwenye jaribio la mwalimu Yustus kuhusu stadi za mawasiliano, lugha mbili, Kiswahili na Kiingereza, na jaribio lenyewe, naomba lieleweke hili, lilikuwa la kuandika. Kwenye karatasi nilieleza vizuri sana kwamba msemaji bora humtazama anayezungumza naye usoni, kwamba msikilizaji bora hakatizi, hutikisa kichwa, kisha hurudia alichosikia ili kuhakikisha amesikia, na kwamba kazini, shuleni na nyumbani komunikesheni ndiyo uti wa mgongo wa maendeleo. Mwalimu Yustus akaniita mbele niwasomee wenzangu. Nilimwomba kwa ishara niende chooni.

(Kicheko. Bibi: "Ukaenda?" Mratibu Mkuu anathibitisha kwamba alienda, akakaa huko hadi kengele.)

Sasa basi, historia fupi ya tatizo. Jumapili iliyopita, majira ya saa nane, nyumba yetu ilitembelewa na ujumbe mzito wa kigango chetu, ukiongozwa na katekista Melkiory na wazee wengine wawili, waliokuja kupanga na Baba, ambaye kama mnavyojua ndiye mwenyekiti wa kigango, namna ya kuwapokea wageni wa ng'ambo watakaosali nasi Jumapili ya kesho. Nasisitiza neno kesho. Na kwa kuwa hapa kwetu mgeni hakai kavu, niliagizwa nipeleke kahawa ya kutafuna. Ndugu wajumbe, taratibu za kikapu cha kahawa mnazijua, na kama hamzijui Bibi anazijua kwa niaba yenu: binti anaingia kwa magoti, macho chini, kikapu kwa mikono miwili, mkubwa kwanza, kisha anayemfuata, na mdomo wake unafungwa kuanzia mlango wa jikoni hadi kikapu kitakaporudi jikoni, kwa maana mwenye kikapu hasemi, anapitisha. Kwa utamaduni huu mimi ni bingwa wa wilaya. Ni shughuli pekee duniani ambako kunyamaza kwangu husifiwa.

Ni katika mazingira hayo, kikapu kikiwa kwa katekista na magoti yangu yakiwa sakafuni, ndipo Baba alipoweka mkono hewani juu ya kichwa changu, kama mtu anayeonyesha shamba, akasema, "Wasiwasi wa lugha ondoeni. Huyu hapa anasoma Kiingereza, ndiye atakayewatafsiria wageni kanisani. Au siyo, Mackrine?"

Waheshimiwa, nilikuwa na kikapu.

(Hata beberu ameacha kutafuna.)

Nilifanya kile ambacho binti aliyelelewa na Bibi Kokubanza hufanya. Niliinamisha kichwa zaidi, nikakipitisha kikapu kwa mzee wa pili. Mzee wa pili akasema, "Mtoto mwenye adabu, amekubali kwa heshima." Mzee wa tatu akasema kimya cha binti ni saini. Katekista Melkiory akatoa daftari, akaandika jina langu kwa herufi kubwa, na nilipofika jikoni, nilipopata tena kibali cha kuongea, suala lilikuwa limeshapitishwa, limepigiwa makofi, na limefungwa kwa sala.

Tangu dakika hiyo, naomba nikiri mbele ya mkutano huu kile ambacho nilimnong'oneza Mgeni Rasmi peke yake jioni ile, nikamwapisha asimwambie mtu: sitaki. Nikifikiria kusimama mbele ya kigango kizima, mgeni ananisemea kwenye sikio hili, na macho mia mbili yananingoja kwa lile, huanza kutafuta mlango wa nyuma kabla hata sijaingia. Kiingereza ninacho. Kiswahili ninacho. Ambacho sina ni ile sehemu ya katikati, sauti inayotoka. Na Baba anajivuna. Baba, ambaye yeye mwenyewe alisoma hadi darasa la saba na bado hutunza daftari zangu za kidato cha kwanza kwenye sanduku lenye hati ya shamba. Kumwambia sitaki ni kama kumvua koti kanisani.

Ndipo Serikali, yaani mimi, baada ya upembuzi yakinifu uliofanyika juu ya kitanda changu, ikaanzisha MRAKUBA, mradi wa kimkakati, shirikishi na jumuishi, wenye lengo kuu moja: kuhakikisha kwamba ifikapo Jumamosi saa kumi na mbili jioni Baba awe ameambiwa, kwa maneno yanayosikika, kwamba mimi sitatafsiri. Na leo nina furaha isiyo kifani kutangaza kwamba utekelezaji wa mradi umefikia asilimia tisini na tano.

(Migomba inalipuka kwa makofi. Bibi anaweka ndizi chini: "Tisini na tano. Lo. Hizo tano zilizobaki ni zipi?")

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba utulivu, maswali yatapokelewa mwishoni. Hizo tano ni Baba.

(Bibi anacheka, anafuta jicho kwa kona ya khanga. Mratibu anagonga mwiko kwenye sufuria kuomba utulivu.)

Naomba sasa niwasilishe ripoti kwa ngazi, kwa sababu, kama mnavyofahamu, kwetu mtoto haendi kwa baba moja kwa moja na jambo zito kama anayekimbilia gari, kuna ngazi. Mtoto humwambia mama, mama humwambia shangazi, na shangazi, kwa kuwa alizaliwa naye tumbo moja na alishawahi kumpiga kofi utotoni, humwambia baba. Mfumo huu umekuwepo tangu zamani na haujawahi kukaguliwa.

Ngazi ya kwanza, Mama. Mama yangu, Nyirabageni, mzaliwa wa Nyakatuntu kule Kyerwa, ni mdau muhimu, stekiholda nambari moja, na Jumatatu jioni nilimfuata jikoni kwa ajili ya kikao cha awali. Nilisimama mlangoni. Mama akasema, "Vipi?" Nikasema, "Mama." Akasema, "Naam." Nikasema, "Chumvi iko wapi?" Akasema, "Umeishika." Kikao kilifungwa kwa maelewano makubwa. Kesho yake asubuhi Mama akapanda bodaboda kwenda Nyakatuntu kumwona mdogo wake aliyejifungua, na hadi sasa hajarudi, hivyo ngazi ya kwanza tumeihesabu imekamilika kwa asilimia mia, kwa sababu hakuna tena mtu wa kumwambia.

(Bibi: "Kwa hiyo hukumwambia." Mratibu: "Tulijenga mazingira wezeshi." Bibi: "Hukumwambia." Mratibu anakunywa maji.)

Ngazi ya pili, Shangazi. Jumatano nikitoka shule nilipita Kayanga, karibu na stendi, kwenye duka la vitenge la shangazi Deodatha, nikiwa nimejipanga, nimeandika hoja tatu kwenye kiganja kwa kalamu ya bluu. Shangazi alinipokea kwa soda na kiti. Kisha akaanza. Alinieleza habari za mteja aliyerudisha kitenge kilichokwisha fuliwa, na habari za jirani yake wa duka anayesikiliza redio kwa sauti ya mazishi, na akanieleza mimi mwenyewe jinsi nilivyo na bahati, kwa kuwa Baba ameshampigia simu kumwambia kwamba nitatafsiri, na yeye ameshawaambia wateja. Dakika arobaini. Kwa mujibu wa takwimu zilizokusanywa papo hapo, Shangazi alitoa maneno yanayokadiriwa kuwa elfu nne, na mimi nilitoa manne: shikamoo, ndiyo, ndiyo, ahsante. Jasho la kiganja lilifuta hoja zote tatu. Akanisindikiza hadi njiani akisema, "Wewe mtoto napenda sana kuongea na wewe." Tumeiweka kauli hiyo kwenye ripoti kama fidibaki chanya.

(Kicheko kirefu. Bibi: "Deodatha tangu mdogo. Alikuwa akilia, anajibu mwenyewe.")

Ngazi ya tatu ndiyo Baba mwenyewe, na hapa napenda kupongeza juhudi za dhati zilizofanyika. Alhamisi jioni Baba alirudi kutoka kigangoni akaegemeza baiskeli ukutani, akakaa. Tukala. Mimi niliangalia ndizi. Yeye, kwa taarifa za kuaminika, aliniangalia mimi, kisha akaangalia ndizi. Akakohoa mara tatu. Akasema, "Mackrine." Nikasema, "Abee, Baba." Akasema, "Hakuna." Nikasema, "Ndiyo, Baba." Tukamaliza kula. Tathmini yetu ni kwamba Mheshimiwa Baba alionyesha utayari mkubwa wa kupokea mada. Ijumaa akaniletea kutoka gulioni maandazi mawili na soksi nyeupe, mpya, bado zina karatasi, akaniwekea mezani bila kusema ni za nini. Lakini nani asiyejua ni za nini? Soksi nyeupe ni za Jumapili. Nililala nazo chini ya mto na kila nikigeuka zinalia karatasi. Na leo asubuhi, kabla ya chai, amepanda baiskeli akasema, "Nakwenda Kayanga kwa shangazi yako, nina jambo." Jambo hilo, ndugu wajumbe, mimi nalijua. Amekwenda kumwalika Shangazi aje kesho akae benchi la mbele anisikilize, na Shangazi akija huja na watu.

Mabibi na mabwana, hapo ndipo tulipofikia, na ninapotazama mbele ninaona mafanikio matupu. Serikali yangu inaahidi, na naomba mniandike, kwamba Baba akitokea kwenye njia ile sitakwenda kujificha kwenye mibuni. Inaahidi kwamba nitamtazama usoni kwa sekunde zisizopungua tatu, kwa viwango vya kimataifa. Inaahidi kwamba nitafungua mdomo, na kwamba kitakachotoka hakitakuwa chumvi iko wapi. Tumeunda kamati. Tumeandaa rasimu. Tumejipanga kila idara, kuanzia idara ya magoti hadi idara ya koo, na kama kuna mtu hapa anayedhani kwamba mradi huu utakwama, basi huyo ni mpinga maendeleo, na ninamwambia ana kwa ana, bila kuogopa, kwamba…

(Bibi anatazama nyuma ya Mratibu, anaweka kisu kwenye jamvi taratibu: "Mheshimiwa, umepata mgeni.")

(Baba amesimama kati ya migomba, ameshika baiskeli, suruali imekunjwa kwenye vifundo. Haijulikani amesimama kwa muda gani. Mratibu Mkuu anaangalia njia ya mibuni. Njia ya mibuni ina beberu.)

(Baba: "Endelea." Anaegemeza baiskeli kwenye mgomba, anavuta gunia la kahawa, anakalia. "Endelea, Mheshimiwa. Mimi ni mwananchi tu.")

Mheshimiwa… Mheshimiwa Mwananchi, karibu sana kwenye mkutano huu, ambao ulikuwa unaelekea mwisho.

(Baba: "Nimesikia kuna kamati." Anakaa, mikono juu ya magoti, anamtazama usoni.)

Ndiyo. Kuna kamati. Naomba, naomba mniwie radhi, kipaza sauti kina hitilafu.

(Mratibu anabadilisha mkono wa mwiko. Bibi, polepole: "Sema, mwana wange. Sema kwa sauti ile ile ya mkutano, si lazima iwe yako.")

Ahsante, Mgeni Rasmi. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa na Bibi, ninapenda kumtaarifu rasmi Mheshimiwa Baba, kupitia mkutano huu, kwamba uchunguzi huru uliofanyika kuanzia Jumapili hadi leo umebaini mambo yafuatayo, ambayo nitayasema haraka. Imebainika kwamba msichana anayeitwa Mackrine hataki kutafsiri kesho. Imebainika kwamba si ujeuri, wala si kwamba hajui, kwani maneno ya kuwakaribisha wageni anayo yote na amekuwa akiyasema chooni kwa lugha zote mbili. Ni kwamba anaogopa, na kuogopa kwenyewe si kule kunakopita ukizoea, ni kule kwa kukosa pumzi, na wiki nzima hajalala sawasawa. Imebainika pia, na hapa naomba Mheshimiwa asikasirike, kwamba Baba hakuuliza. Alitangaza.

(Baba anainama mbele kwenye gunia. Anatikisa kichwa kumwambia aendelee.)

Imebainika kwamba msichana huyo anapenda sana Baba akimsifia, ila angependa zaidi kuulizwa akiwa amesimama. Na imebainika, mwisho, kwamba anajua Baba ataaibika mbele ya katekista na mbele ya wazee, na kwa ajili hiyo tu alikuwa tayari kwenda kesho hata kama angeanguka, lakini amepima, ameona akianguka ndiyo aibu itakuwa kubwa zaidi. Hiyo ndiyo taarifa yote. Naomba kuwasilisha.

(Hakuna makofi. Upepo umesimama. Baba anakuna kidevu, ananyoosha kidole juu kama mtu wa mkutanoni: "Mheshimiwa mwenye mwiko, naomba kuchangia.")

Mwananchi, una dakika zako.

(Baba: "Kwanza nirudie nilichosikia, nisije nikakosea. Hutaki. Unaogopa. Hujalala. Na mimi sikuuliza." Mratibu: "Ndiyo, Baba." Baba: "Lakini niliuliza. Nilisema au siyo, Mackrine." Mratibu: "Nilikuwa na kikapu." Baba: "Ni kweli. Ulikuwa na kikapu.")

(Baba: "Sasa na mimi nina langu. Alhamisi katekista aliniambia wageni wanakuja na mkalimani wao. Padri mmoja kijana, anatoka nao Bukoba. Hawakuhitaji mtu tangu mwanzo, barua ilichelewa tu." Anashusha macho kwenye gunia. "Nilirudi nyumbani nikashindwa kusema. Nikajiuliza, huyu mtoto amefurahi wiki nzima, nitamwambiaje hatakiwi tena?")

(Mratibu: "Ulijuaje nimefurahi?" Baba: "Ulikuwa kimya." Mratibu: "Baba, mimi huwa kimya siku zote." Baba: "Ndiyo, lakini wiki hii ulikuwa kimya zaidi.")

(Bibi amelala ubavu kwenye jamvi kwa kicheko.)

(Mratibu: "Na soksi?" Baba: "Za kukupoza. Nilidhani utalia." Mratibu: "Na leo Kayanga?" Baba: "Nilimfuata shangazi yako aje akwambie yeye, maana yeye maneno anayo. Amekataa. Kasema mtoto ni wako na mdomo ni wako, na mzigo huo hauingii kwenye vitenge vyake. Nimerudi nikipanga namna ya kuanza, nikakuta nyie mna mkutano.")

(Bibi, akiinuka kwa kiwiko: "Wote wawili mmekaa hapa hapa kwenye jamvi langu. Mmoja Jumapili, usimwambie Baba. Mwingine Alhamisi, usimwambie mtoto. Nikasema sawa. Nimenyamaza hadi fizi zinauma." Baba: "Mama, ungetuambia tu." Bibi: "Mliniambia nisiseme. Mimi mtu akiniambia kitu namsikiliza. Nyinyi je?")

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kula, ndugu wajumbe, kwa mujibu wa taarifa mpya zilizolifikia jukwaa hili, naomba kukiri kwamba niliposikia habari ya padri wa Bukoba moyo wangu uliruka, ukafika juu kabisa, na uliposhuka haukukaa vizuri pale ulipokuwa, kwa sababu wiki nzima nilikuwa nimeogopa kitu ambacho hakipo, na kumbe ndani ya kuogopa kulikuwa na kipande kidogo, si kikubwa, sentimita mbili hivi, kilichokuwa kikijiona kimesimama pale mbele kimevaa soksi nyeupe. Kipande hicho tutakifanyia tathmini wakati mwingine. Msiulize.

(Baba: "Jambo la mwisho, Mheshimiwa. Siku nyingine nikikuuliza kitu mbele ya watu, weka kikapu chini, unijibu." Mratibu: "Mbele ya wazee?" Baba: "Mbele ya wazee. Watasubiri kahawa." Bibi: "Mimi sisubiri.")

Hoja imeungwa mkono na mjumbe mmoja na kupingwa na Mgeni Rasmi, hivyo imepita. Sasa kwa kuwa jua linakwenda na kahawa haijageuzwa, na kuku wametumia mjadala huu kufanya walichokuja kufanya, naomba nihitimishe kwa kaulimbiu zetu, na nikisema, muitikie. Uliza kwanza, tangaza baadaye.

(Baba na Bibi: "Baadaye." Beberu naye.)

Jibu kwanza, kahawa baadaye.

(Baba: "Baadaye." Bibi anakataa kuitikia.)

Na anayenyamaza aulizwe mara mbili.

(Baba: "Mara mbili." Anasema tena, bila kuombwa: "Mara mbili.")

Kwa namna ya pekee naomba niwashukuru wote mlioacha shughuli zenu, ingawa migomba haikuwa na pa kwenda, mkaja kushuhudia uzinduzi wa mradi ambao mama hakuambiwa, shangazi hakuambiwa, kamati yake ilikuwa ni mimi na mwiko, na uliolenga kumzuia msichana asifanye kazi ambayo tangu Alhamisi haikuwepo, wala kabla ya Alhamisi haikuwepo, kwa barua ambayo ilikuwa njiani. Asilimia tisini na tano niliyoitangaza naifuta. Maneno elfu nne ya Shangazi nayo nilikadiria tu, yanaweza kuwa sita. Na nakushukuru wewe, Baba, uliyekaa kwenye gunia hilo ukiniangalia, bila kunikatiza nilipokuwa nasoma taarifa yangu, dakika sita nzima kwa saa iliyoko mkononi mwako, ambayo nilikuwa nikiiangalia kila nilipoogopa kukuangalia usoni. Hiyo ndiyo takwimu pekee ya kweli katika hotuba hii.